Roboti Anamlilia Nani

Kitambaa cha pamba kikinyunyiziwa maji kisha kikawekewa pasi yenye moto kupita kiasi hutoa harufu fulani, nusu mvuke nusu kuungua. Juzi nilipita mbele ya duka la dobi, mlango ulikuwa wazi, harufu ile ikanikuta nikiwa na mkate kwapani, nikasimama palepale. Mwenye duka akaniuliza nimeleta nguo gani. Nikamwambia sijaleta kitu. Akanitazama vibaya, na alikuwa na haki, maana mtu mzima gani anasimama mlangoni pa dobi asubuhi kweupe machozi yakimlengalenga?

Ni harufu ya baba yangu. Ni harufu pia ya majira yale ya baridi ambayo sisi wa rika langu, tuliokuwa tunakaribia kumaliza shule ya msingi dunia ilipofungwa, hatuyazungumzi sana. Tukikutana tunakumbushana ya kuchekesha, walimu waliokuwa wakifundisha dari kwa sababu simu imegeuzwa, au jinsi tulivyokuwa tunapitisha wiki bila kuoga kwa ajili ya baridi na hakuna aliyejua. Yale mengine kila mtu ana yake, na kila mtu kayafungia kabatini. Mimi langu limefunguliwa na dobi.

Tulikuwa tunaishi Bellevue, Johannesburg, katika nyumba moja ya kizamani ambayo mwenye nyumba alikuwa ameikatakata kwa mbao mpaka kila pembe ikawa chumba cha mtu. Sisi tulikuwa na chumba cha mbele, chenye dirisha linalotazama ua na geti. Baba alikuwa fundi cherehani na mama msusi, wote wawili watu wa Lubumbashi. Mimi nilizaliwa hapahapa. Kiswahili chao nilikuwa nakisikia chote, lakini kujibu nilijibu kwa Kiingereza, au kwa Kizulu cha mtaani nikitaka kumchokoza mama. Chumba cha katikati alikaa Mama Odette, mjane, Mkongo mwenzetu, mama wa maombi ambaye sauti yake haikuhitaji kipaza sauti. Chumba cha nyuma kilikuwa cha Mzee Salum wa Tanga, aliyeuza chaji na vifuniko vya simu barabarani, na kila Ijumaa alivaa kanzu akaenda kuswali Mayfair, hadi misikiti nayo ikafungwa akabaki akiswali kando ya kitanda chake.

Na uani alikuwepo Roboti.

Baba alimwokota kwenye roboti, yaani kwenye taa za barabarani, ambazo hapa Johannesburg kila mtu anaziita roboti na hakuna anayeona kichekesho. Ilikuwa siku za mwanzo kabisa za kufungiwa, barabara tupu, wanajeshi wakipita na magari yao. Baba alikwenda kutafuta unga akamkuta mbwa wa rangi ya udongo amekaa chini ya taa. Zilikuwa zikiwaka nyekundu na kijani bila gari hata moja, na mbwa ametulia, anatazama upande mmoja tu wa barabara.

"Ilikuwa nangoja mutu," baba alisema alipomwingiza getini. "Na ule mutu haiko narudia."

"Siye benyewe tunakula mara moja," mama akamjibu, "na unatuletea kinywa ingine?"

Lakini baba alikuwa mtu ambaye ukimkatalia jambo kwa hasira yeye hulifanya kwa utani. Harusi zote zilikuwa zimeahirishwa, na chini ya meza yake kulikuwa na mabaki ya kitambaa cha suti, cheusi chenye mistari myembamba. Baridi ilipoanza kuuma akamshonea Roboti koti, lenye bitana ndani na vifungo viwili tumboni. Akawa mbwa pekee wa Bellevue nzima aliyevaa suti. Mama alicheka hadi akakaa chini. Hata Mzee Salum, ambaye mate ya mbwa kwake yalikuwa balaa, alitoka kumtazama, akasimama mbali akiwa ameinua pindo la kanzu. "Umependeza, bwana mkubwa," akamwambia. "Lakini kaa hukohuko. Ukinilamba, maji ya kuifua kanzu hii mara saba sina."

Baridi ya Johannesburg wasioijua hudhani ni utani. Jua linawaka siku nzima, anga haina hata wingu, na baridi inatoka chini, kwenye saruji, inakupanda miguuni. Asubuhi majani ya uani yalikuwa meupe kwa barafu. Mama aliwasha mkaa kwenye mbabula, lile pipa dogo lililotobolewa matundu, na sote tukaota moto kwa zamu kwa sababu tulikuwa tumeambiwa tusikaribiane. Baba alishona barakoa kutwa, mama akizipiga pasi, na chumba chetu kikanuka ile harufu. Baba alikuwa na pua ya ajabu. Hata akiwa uani alijua pasi imekawia sekunde moja zaidi, akapiga kelele kutoka huko: "Mama, uko naiunguza!"

Kitu nilichokiogopa kwanza hakikuwa ugonjwa. Kilikuwa ukimya. Mtaa wetu ulizoea muziki, honi za magari, wauzaji wa mahindi, watu kutukanana kwa lugha sita. Sasa ukikohoa mtaa mzima unajua. Ndani ya ukimya huo ndipo Roboti alipoanza.

Ilikuwa mchana, nami nilikuwa nimekaa kizingitini na vitabu vya shule ambayo ilikuwa imefungwa, ikafunguliwa, ikafungwa tena. Roboti hakuwa mbwa wa kubweka. Siku hiyo aliinuka tu, akaenda getini, masikio juu, akanyoosha shingo na kutoa sauti ndefu iliyopanda, ikakaa huko juu, ikashuka taratibu. Mama alitoka na kichana mkononi. Mbwa akarudia mara ya pili, na ya tatu, na tukiwa bado tunamkemea tukasikia king'ora, na gari la wagonjwa likakata kona. Likasimama mbele ya magorofa ya upande wa pili. Watu waliovaa mavazi meupe toka kichwani hadi miguuni wakamtoa yule bibi aliyekuwa akiendesha spaza, kiduka cha mtaani, pale chini, Gogo ambaye kwake tulinunua mkate na maandazi ya magwinya. Alinipungia mkono akiwa amelala kwenye machela. Wiki haikuisha, spaza ikafungwa kwa mnyororo.

Haikupita muda Roboti akalia tena, vilevile, shingo juu, na gari likaja, likamchukua mwanaume mmoja wa nyumba ya pili kutoka kwetu, baba wa watoto niliokuwa nacheza nao. Naye hakurudi. Mara ya tatu gari halikuja mtaani kwetu, lilipita nyuma tu, lakini kufikia hapo hakuna aliyehitaji kuliona.

"Ile imbwa hailie bule," Mama Odette alisema, amesimama mlangoni pake, mikono kifuani. "Iko nalilia mutu."

"Wahenga wanasema lisemwalo lipo," Mzee Salum akamjibu kutoka kwake, akicheka, "na kama halipo, laja." Kisha nadhani alisikia mwenyewe alichosema, maana aliacha kucheka akaingia ndani.

Mimi neno lilikuwa limenikamata. Kulia nilikujua. Mtoto analia, kengele inalia, simu inalia. Nikamwuliza mama, kulilia ndiyo nini? Alikuwa juu ya pasi, hakuinua kichwa. Akaniambia kulia ni kulia tu, ila ukilia kwa ajili ya mtu fulani, hapo unamlilia. Basi. Mtu mwingine angelichukua kama somo la sarufi. Mimi niliyekuwa naokota Kiswahili kipande kipande nililala na jambo jingine kabisa, kwamba imeongezwa silabi moja na tayari kuna mtu ndani ya neno. Roboti alikuwa hapigi kelele. Roboti alikuwa anachagua.

Na kwa watu wa Lubumbashi kilio si sauti peke yake. Kilio ni msiba wenyewe, na viti vilivyopangwa uani, na turubai, na masufuria makubwa, na wanawake wanaoanza kulia tangu kona ya barabara ili ujue wanakuja. Ukisikia wakubwa wanasema "kuko kilio kwa fulani", ujue fulani amefiwa. Kwa hiyo Mama Odette alipoanza kusema kwamba mbwa yule anaita kilio hapa nyumbani, nilimwelewa vizuri sana.

Alikuja kumwambia baba waziwazi. Alisimama nje ya dirisha letu, barakoa imefunika pua na mdomo, baba akamsikiliza akiwa ameshika kipande cha uzi kwa meno.

"Imbwa ni imbwa, Mama Odette," baba akamwambia. "Mungu akitaka kutuambia neno, atakosa mutu wa kutuma?"

"Hata punda ilisemaka, mu Biblia."

"Basi siku Roboti atasema, nitamusikiliza. Sasa eko nalia tu."

Wote wawili wakacheka kidogo. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshapiga hesabu yangu. Kama kulia kwake ndiko kunakoita gari, asipolia gari halitaitika. Ni hesabu rahisi, na hakuna mtu wa kuniambia ni ya kitoto, kwa sababu sikumwambia mtu. Kuanzia siku ile nikawa mlinzi wa koo la Roboti. Nilijifunza dalili zake. Kwanza sikio la kushoto, kisha yote mawili, kisha anaacha kupumua kwa kinywa, kisha shingo. Nikiona sikio la kushoto nilikuwa nimeshafika, namkumbatia kichwa, namkandamiza kifuani kwangu, namwimbia kwa sauti ya chini wimbo wowote. Nilimpa ukoko wa bukari, ugali wetu. Mara nyingi alikubali. Na kila alipokubali nilitazama barabarani, barabara ilikuwa tupu, nikajua nimeokoa mtu.

Kisha ikaja asubuhi ya pasi.

Mama alikuwa amekwenda kuteka maji, kwa sababu bomba la ndani lilikuwa limekatika, na baba akashika pasi mwenyewe. Mimi nilikuwa kitandani najifanya nimelala. Harufu ilinifikia kwanza, ile ya kawaida, halafu ikawa kali zaidi, halafu ikawa moshi mtupu. Nikafungua macho. Baba alikuwa amesimama palepale mezani, mkono juu ya pasi iliyokaa kwenye barakoa, na moshi wa kijivu ulikuwa unapanda mbele ya pua yake. Alikuwa anatazama dirishani, anawaza. Hakuwa na habari.

"Papa," nikaita. "Papa, inaungua!"

Akashtuka, akainua pasi. Kwenye kitambaa kulikuwa na alama ya kahawia yenye umbo kamili la pasi. Baba akakiinua kile kitambaa hadi puani, akanusa. Akanusa tena. Akachukua kopo la kahawa rafuni, akalifungua, akaingiza pua ndani. Nakumbuka alivyolifunga lile kopo, polepole, akihakikisha kifuniko kimekaa sawa. Akaniambia nitoke nje nikacheze na Roboti, na nisiingie tena mpaka mama arudi.

Nilitoka. Niliogopa, ila sikujua ninaogopa nini, kwa kuwa mtu kushindwa kunusa kahawa si kitu cha kumtisha mtoto. Dalili ya mvua ni mawingu, na mimi nilikuwa sijawahi kuona mawingu ya aina ile. Kikohozi kilianza kabla jua halijazama.

Mama alitundika shuka katikati ya chumba. Upande mmoja baba, upande wa pili mimi na yeye. Alichemsha majani ya mkaratusi, tangawizi, vitunguu, kila alichoambiwa na kila aliyepiga simu. Nyuma ya shuka baba aliendelea na utani, lakini sentensi zake zilianza kuwa fupi, na baadaye akawa anatuma utani wa neno moja moja. Halafu ikawa ni pumzi tu, fupi fupi. Mimi nilizisikiliza usingizi ukinipitia na kunirudisha.

Asubuhi moja mama alipiga simu ya gari la wagonjwa. Wakamwambia magari ni machache, wagonjwa ni wengi, subirini, tunakuja. Akapiga tena. Subirini. Alimsaidia baba kukaa kwenye kiti karibu na dirisha lililofunguliwa, mikono magotini, mabega yakipanda na kushuka. Nikavaa makoti yangu yote, nikaenda kukaa na Roboti getini, nikamshika.

Mama Odette akatoka na kamba ya kuanikia nguo.

"Nipatie ile imbwa, mwanangu," alisema. Hakuwa na ukali. Alikuwa amelia, niliona. "Naipeleka kule ku mulima, iko batu batailisha. Ibaki mbali na baba yako. Leo isilie hapa. Leo hapana."

"Hapana," nikamwambia. Nadhani lilikuwa neno la kwanza la Kiswahili nililomjibu maishani mwangu. "Hatalia. Mimi nimemshika."

"Eh, mutoto, utashika kinywa ya imbwa siku mzima?"

"Mama Odette, muogope Mungu," Mzee Salum akasema kutoka ukutani alikokuwa anaota jua. "Mtoto baba yake yuko pale dirishani anatafuta pumzi, nawe unataka umnyang'anye na mbwa? Mwache."

Mama Odette alibaki na kamba yake mkononi. Akatazama dirishani, akanitazama mimi. "Basi ushike muzuri," akasema, akakaa kwenye ngazi yake kunisimamia.

Nilimshika. Jua lilipita juu ya paa, kivuli cha ukuta kikaja kutufunika, saruji ikaanza kutoa baridi yake. Mkono wangu ulikuwa chini ya lile koti la suti, juu ya koo lake, nikihisi kila anapomeza mate. Nyuma yangu nilisikia pumzi za baba. Nilikuwa na hakika kabisa, hakika ambayo sijawahi kuwa nayo tena juu ya jambo lolote, kwamba uhai wa baba uko mkononi mwangu na kwamba unapiga pale, chini ya vidole. Sikuomba Mungu. Nilimwomba mbwa.

Alasiri sikio la kushoto likasimama.

Nikamkumbatia. Nikaanza kuimba. Sikio la pili likasimama, akafunga kinywa, mwili wote ukakakamaa. Nikambana kwa nguvu zangu zote, nikamfunika kwa blanketi, nikamwambia tafadhali, tafadhali, kwa Kiingereza, kwa Kizulu, kwa Kiswahili. Siku zote alikuwa ananikubalia. Siku ile alinisukuma kama siko, akachomoa kichwa, akanyoosha shingo, akalia.

Nilipiga yowe. Mama Odette alisimama akaita "Yezu! Yezu!" na kamba ikamwanguka. Ndani nikamsikia mama anapiga kelele ambayo sikuwahi kuisikia kwake, na nikajua kwamba imekwisha, kwamba nikigeuka kutazama dirishani nitakuta kiti kitupu. Sikugeuka. Roboti aliendelea, juu, chini, juu.

"Iko... nini?" ilikuwa sauti ya baba.

Nikageuka. Alikuwa palepale, ameshika fremu ya dirisha, amekasirika kidogo kwa kelele zetu. Na ndipo Mzee Salum alipoinua kidole, akasema, "Nyamazeni. Nyamazeni, sikilizeni." Tukanyamaza sote isipokuwa mbwa, na chini ya sauti ya mbwa, mbali sana, nyembamba kama uzi, ikaja sauti ya pili inayopanda na kushuka vilevile. Ikakua. Ikakata kona. Safari hii gari lilisimama getini kwetu.

"Subhanallah," Mzee Salum alisema. "Kumbe anasikia tu. Ana masikio kuliko sisi, basi. Anasikia king'ora kingali mjini, anakijibu." Alicheka na kujifuta macho kwa mkono wa kanzu. "Na sisi wazee wazima!"

Baba alitembea mwenyewe hadi kwenye gari, huku na huku ameshikwa na watu wa mavazi meupe ambao nyuso zao sikuziona. Walimwekea kitu cha hewa usoni. Kabla ya kupanda alikisogeza kidogo, akanitafuta kwa macho.

"Baridi iko kali," akasema. "Usiache kuivalisha imbwa."

Mlango ukafungwa. Mama hakuruhusiwa kwenda naye. Lakini niseme kweli, nilifurahi. Nilimkumbatia Roboti nikacheka kwa sauti, kwa maana alikuwa hajamchagua mtu yeyote, alikuwa ameleta msaada. Na baada ya saa moja nilikuta bakuli la Mama Odette getini, limejaa vichwa vya samaki vya Roboti.

Tukaambiwa tusitoke chumbani na uani kwetu, na mtu asitukaribie. Chakula kiliachwa kizingitini. Nami nikaacha ujinga mmoja nikashika mwingine, kwani kwa akili yangu gari lililomchukua ndilo litakalomrudisha. Sasa nilikuwa nasubiri Roboti alie. Kila sikio la kushoto liliponyanyuka nilikimbilia getini. Magari yalipita. Yalikuwa mengi, mengi kuliko mwanzo, yakipita nyuma, yakipita mbele, yakishuka kwenda hospitali. Hakuna lililosimama. Mama alipiga simu wodini na simu iliita hadi ikakatika. Siku nyingine muuguzi mmoja alipokea akasema amelala, anapumua kwa mashine, piga kesho.

Siku yenyewe Roboti hakulia.

Simu ndiyo iliyolia. Ilikuwa asubuhi, mama amechuchumaa kwenye mbabula anapuliza mkaa. Alipokea, akasikiliza, uso wake haukubadilika. Akajibu kwa Kiingereza, ndiyo, ndiyo, naelewa. Halafu akawashukuru. Mpaka leo sijui alishukuru nini. Akaweka simu chini, akaendelea kupuliza mkaa ambao ulikuwa umeshawaka vizuri, kisha akaniambia, "Papa alitutoka." Akaingia ndani, akalala kwenye upande wa baba wa ile shuka.

Hakukuwa na kilio. Mikesha ilikuwa imepigwa marufuku, mipaka imefungwa, Lubumbashi ilikuwa mbali kuliko mbingu, na sisi wenyewe tulikuwa watu wasioguswa. Hakuna aliyepanga viti. Hakuna mwanamke aliyekuja analia tangu kona. Nilisimama uani, mtaa umekaa kimya, jua linawaka, na nikahisi aibu, aibu kabisa, kwamba baba yangu amekufa na hakuna hata sauti moja.

Roboti alikuwa amelala kwenye jua na suti yake, miguu ameinyoosha, usingizi wa mtu aliyeshiba. Nikapiga magoti mbele yake.

"Kwa nini hukusema?" nikamwuliza. Alifungua jicho moja, akapiga mkia chini mara mbili.

Ndipo nikalia. Sikulia kitoto. Sauti ilitoka tumboni, ndefu, ikapanda ikakaa huko juu, sijui niliijulia wapi. Roboti akainuka. Akanitazama, kichwa upande, masikio yote mawili, akanyoosha shingo na kuipokea. Nikipumua anaishika yeye, akipumua naishika mimi. Mapazia yakasogezwa magorofani. Mzee Salum alitoka, akasimama mlangoni pake, akainua viganja vyake kimya kimya. Mtu mmoja, mwanaume, akafungua dirisha juu huko akapiga kelele tumnyamazishe huyo mbwa mchawi, watu wamechoka.

Mama Odette alitoka kwake mbio. Nilidhani amekuja na kamba. Akaja hadi mwisho wa ngazi yake, pale alipoamriwa asipite, akaishusha barakoa kidevuni, akainua uso kule magorofani.

"Muiache ilie!" akapiga kelele, kwa ile sauti yake yote. "Baba yake amekufa!"

Kisha akafungua kilemba, akakiacha kianguke, akakaa chini kwenye saruji ya baridi na kukipokea kilio.